Nimepanda Contessa 32, jamani

Mtoto wa Lamu nimekulia kwenye majahazi, kwa hiyo jana rafiki aliponipakia kwenye Contessa 32 yake, mashua ya tanga, hapa Lymington, kusini mwa Uingereza, nilijiona nahodha. Upepo ulipokaza, mashua ikalala ubavu hadi nikang'ang'ania kamba kwa mikono miwili. Mwenyewe anakunywa chai tu! "Mkuku mzito huo, itasimama yenyewe." Kweli, ikasimama.

Mchoro wa mashua hii ni wa David Sadler, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1979 dhoruba ilipovamia mbio za mashua za Fastnet na kuua mabaharia 15, katika daraja la mashua ndogo kabisa ni Contessa 32 moja tu, Assent, iliyomaliza. Ziliundwa mamia, kisha kiwanda kikafungwa. Jeremy Rogers, muundaji wake wa kwanza, alirudi kuziunda tena mwaka 1996.

Kwetu kalibu, yaani kiolezo cha umbo la chombo, ni jicho la fundi. Akifa, linakwenda naye. Hawa kalibu lao la fibaglasi linangoja tu mwenye pesa.

Ila ndani ni finyu, siwafichi. Kichwa nimekigonga mara tatu.