Begi la kujifungulia: doa linatakiwa lionekane

Orodha ya vitu vya kujifungulia wanayopewa wajawazito kliniki hapa Tanzania inafanana karibu kila mahali: mpira wa kutandika, glovu, pamba, vibanio vya kitovu, wembe, mabomba ya sindano, beseni, ndoo, khanga, pedi. Kwa sera, huduma za uzazi kwenye vituo vya umma ni bure. Nunua hata hivyo, maana siku stoo ya wodi ikikauka, ndugu yako ndiye atakayetumwa duka la dawa saa nane usiku, na saa hizo hakuna cha kuchagua wala cha kupunguziwa bei.

Kasoro ya orodha ile ni kwamba inataja vitu bila kusema kazi yake. Ndiyo maana watu hubadilisha hiki kwa kile: khanga iliyokunjwa badala ya pedi, pamba badala ya gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), chupi nyeusi ili doa lisionekane. Doa linatakiwa lionekane. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kuua wanawake wanaojifungua duniani, na mara nyingi mwanzo wake hautishi: damu inatoka kidogo kidogo, inanyonywa na nguo, na jicho, hata la mkunga mzoefu, hukadiria pungufu. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida ziligundua karibu nusu tu ya waliovuja damu nyingi. Zile zilizotumia shuka la plastiki lenye mfuko wa kipimo ziligundua 93 kati ya kila 100, na kwa kuwa matibabu yote yalianza mapema na kwa pamoja, madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60.

Pakia begi kwa hesabu hiyo.

Mpira, ambao wengine huuita makintoshi, huuzwa kwa mita. Chukua mita 2 na uukate katikati nyumbani: kipande kimoja cha leba, kingine cha kitanda cha wodini. Leba, mpira ukae juu na khanga ya kujifunika pembeni. Wengi hutandika khanga juu ya mpira kwa sababu plastiki ina jasho na inateleza, na hapo ndipo damu inapopotelea. Kama hospitali ina shuka lake la kipimo, waache walitandike wenyewe, wala usiweke kitambaa kati yako na hilo shuka.

Glovu nunua pea 5 au 6 zile zinazofungwa pea moja moja, saizi 7 na 7.5. Boksi la glovu za kawaida halichukui nafasi yake. Zile ni safi, lakini hazijatakaswa kwa ajili ya kuzalishia. Angalia tarehe ya kuisha muda, na usipokee yenye karatasi iliyochanika au iliyowahi kulowa. Vibanio vya kitovu chukua 2, wembe 2 ambao haujafunguliwa, pamba roli moja ya gramu 500. Pamba ni ya nesi kufutia. Isiwe pedi: nyuzi zake hung'ang'ania kwenye mshono na kuzitoa ni mateso.

Khanga doti 3, yaani vipande 6, zinamtosha anayejifungua kwa njia ya kawaida. Anayefanyiwa upasuaji aongeze doti moja. Zisiwe mpya kutoka dukani. Khanga mpya ina wanga, maji yanateleza juu yake badala ya kuingia, na mtoto mbichi anahitaji kukaushwa haraka asipate baridi. Ifue mara mbili, iwe laini. Vipande viwili ni vya mtoto: cha kwanza kumkaushia, kisha kinaondolewa kwa kuwa kimelowa, cha pili kumfunika akiwa kifuani kwa mama. Piga pasi kila kitu, mishono na pindo pia, kisha ufunge ndani ya mfuko wa plastiki. Pasi hapa si urembo. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, na funza wake huingia ngozini. Moto wa pasi huyaua mayai.

Sasa pedi, ambako ndiko makosa mengi yanakofanyika.

Beba chache hata kabla ya uchungu, nyeupe, kwa ajili ya chupa kupasuka. Maji ya chupa yakitoka, vaa pedi safi uangalie rangi. Maji meupe au yenye unjano hafifu ni ya kawaida. Ya kijani au ya kahawia yana maana mtoto amejisaidia tumboni. Nenda hospitali saa hiyo hiyo na pedi hiyo uende nayo ndani ya mfuko, mkunga aione mwenyewe.

Baada ya kujifungua tumia pedi za uzazi, zile kubwa, nene na laini. Ukizikosa, pedi ndefu za usiku zinafaa, mradi uso wake uwe wa pamba. Zile zenye uso wa wavu wa plastiki hukwangua mshono na kuleta joto, na joto la Dar au Tanga halihitaji msaada. Saa 24 za kwanza badilisha kila baada ya saa 2 hadi 3, imejaa au haijajaa: hapo zinakwenda 8 hadi 12. Siku ya pili na ya tatu, kila saa 4. Kwa hiyo pakiti 2 za pedi 10 ziwe begini, 3 kwa wa upasuaji, na nyingine 3 zibaki nyumbani. Usijaze kabati. Kuanzia wiki ya pili pedi za kawaida zinatosha, na kiasi hutofautiana mno kati ya mwanamke na mwanamke.

Usivae pedi mbili kwa pamoja. Inaonekana busara, lakini ya juu ikivuja ya chini inaficha, na ukiulizwa umejaza ngapi huna jibu. Andika kwenye simu saa uliyovaa kila moja. Pedi iliyolowa chapachapa ndani ya saa moja au pungufu, au bonge la damu linalofikia ukubwa wa yai la kuku, ni la kumwita nesi hapo hapo, na pedi yenyewe isitupwe kabla hajaiona. Wanaweza hata kuipima kwenye mzani: mililita moja ya damu ina uzito wa karibu gramu moja, ukitoa uzito wa pedi kavu umepata kiasi. Tamponi na kikombe cha hedhi viache kabisa mpaka uchunguzi wa wiki ya sita, kwa sababu kidonda cha ndani, pale kondo lilipokuwa limejishika, bado kiko wazi.

Pampasi za watu wazima zina kazi yake. Moja au mbili za usiku wa kwanza au za safari ya kurudi nyumbani ni msaada mkubwa. Zaidi ya hapo mimi sizipendekezi: zinanyonya sana, na huko kunyonya sana ndiko kunakoficha kiasi.

Kitu kimoja huwashtua wengi. Ukilala muda mrefu, damu hukusanyika ukeni. Ukisimama inashuka kwa mkupuo, kisha inapungua. Huko si kuvuja. Vilevile mtoto akinyonya tumbo hukaza na damu huongezeka kidogo, kwa kuwa mfuko wa uzazi unajibana, na ndivyo inavyotakiwa. Kibofu kilichojaa, kinyume chake, huuzuia usijibane vizuri. Nenda kakojoe kila baada ya saa mbili au tatu hata kama hujisikii.

Rangi nayo hubadilika. Siku 3 au 4 za kwanza ni nyekundu kabisa, halafu inaelekea kwenye kahawia au waridi mpaka kama siku ya 10, kisha majimaji ya njano au meupe kwa wiki kadhaa. Ikiwa ilishapauka halafu ikarudi nyekundu tele, au ikatoa harufu ya uvundo, au mwili ukapata joto la nyuzi 38 na kuendelea, usisubiri tarehe ya kliniki. Na arobaini isiwe kipimo cha afya. Wapo wanaokauka wiki ya nne, wapo wanaofika ya sita, na hata katika fiqhi ya Shafii, sheria ya Kiislamu inayofuatwa sana pwani, siku 40 ni mazoea tu. Mwisho wa nifasi, yaani damu ya uzazi, ni siku 60.

Wapo wanaodhani upasuaji unafuta haya yote, hivyo hawapakii pedi. Damu inatoka mfuko wa uzazi, na umefunguliwa ama hukufunguliwa, itapita njia ile ile. Tofauti iko kwenye nguo. Utaamka na mpira wa mkojo, kwa hiyo khanga ya kufunga ndiyo vazi la siku ya kwanza. Chupi chukua 5 au 6 za pamba, rangi isiyokolea, kubwa kuliko saizi yako kwa namba mbili, zinazopanda hadi kitovuni. Lastiki ikikaa juu ya mshono, kila ukikohoa utajua. Kidonda kikae kikavu. Usikifungie pedi ili kunyonya majimaji, maana unyevu unaofungiwa ndio unaooza. Kikitoa usaha au kikiachia, rudi.

Kwa aliyeshonwa chini, kifaa bora kuliko vyote hakigharimu kitu. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa matundu matano sita kwenye kifuniko kwa sindano iliyopashwa moto. Ijaze maji safi ya uvuguvugu, uimwage mbele kwenda nyuma wakati unakojoa. Mkojo unapozimuliwa hauchomi. Kisha kausha kwa kugusagusa na gozi au kitambaa laini, usisugue. Maji matupu yanatosha. Dawa za kuua vijidudu zinazowekwa kwenye beseni huunguza ngozi laini na kuchelewesha kupona, na sabuni yenye manukato ni hivyo hivyo.

Kukandwa maji ya moto ni mila yenye nguvu, na bibi akija na ndoo yake si rahisi kumrudisha. Mwachie akande miguu na mgongo, kwa maji anayoweza kuvumilia kwa kiwiko cha mkono. Tumboni kwenye mshono, hapana, na kukalia mvuke pia hapana. Majeraha ya kuungua hutokea kwa njia hiyo. Hakuna damu chafu iliyoganda inayohitaji kukandwa itoke. Mfuko wa uzazi unajisafisha wenyewe.

Vya mtoto ni vichache kuliko maduka ya Kariakoo yanavyotaka uamini: nepi, nguo tatu nne, kofia, soksi, blanketi jepesi. Nepi ikunjwe chini ya kitovu ili mkojo usikifikie, na kitovu kiachwe kikavu, bila majivu, mafuta wala maziwa.

Yote haya yawe tayari wiki ya 35, au mapema zaidi kwa mwenye mapacha. Yagawe katika mifuko mitatu inayoonyesha ndani: leba, wodi, mtoto. Hospitali nyingi ndugu hubaki nje, na mfuko unaoingia na wewe leba ni ule wa kwanza tu: mpira mmoja, glovu, pamba, vibanio, wembe, mabomba, khanga 3, pedi 4, na kadi ya kliniki ikiwa juu kabisa. Mifuko mitupu 10 ya kufungia pedi zilizotumika iwe kwenye begi la wodi. Pedi haitupwi chooni, inaziba. Muulize nesi pipa lipi.

Khanga zenye damu anza kwa maji ya baridi, siyo ya moto, maana moto huigandisha damu kwenye uzi. Suuza mpaka maji yawe meupe ndipo uweke jiki, kwa sababu damu ikiwa nyingi huimaliza nguvu. Kwa jiki ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe 6 vya maji, loweka dakika 10, fua kwa sabuni, anika juani, piga pasi. Rangi itapauka, kwa hiyo doti unayoipenda usiipeleke hospitali. Na anayefua avae glovu, wala asichanganye jiki na siki au dawa ya choo yenye asidi. Inatoa gesi yenye sumu.