Bega la kulilia

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mwakeye wote mlioko Mwanga, Gungu, Katubuka, Ujiji, mpaka na ndugu zetu wa Kasulu na Uvinza mnaosoma hapa. Tafakari ya wiki hii imenijia kupitia tenisi, na huku kwetu Kigoma najua mchezo ni mpira wa miguu, raketi wengi tunaiona kwenye tv tu. Ilikuwa hivi, kijana wangu alikuwa anaangalia video kwenye simu mi nachambua maharage, nikachungulia nikaona dada mmoja mchezaji amemlalia mama mmoja begani analia kabisa, yani analia kwa kwikwi uwanja mzima unamtazama, nikamwambia hebu rudisha hapo. Akarudisha. Nikamwambia rudisha tena.

Yule dada ni Jana Novotná, wa Jamhuri ya Cheki, kazaliwa Brno mwaka 1968. Siku ile ilikuwa fainali ya Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi kule Uingereza, mwaka 1993, anacheza na Steffi Graf wa Ujerumani ambaye kipindi hicho ukipangiwa naye watu wanakupa pole mapema. Mechi yao ni ya seti tatu, anayeshinda mbili ndo mshindi, na seti inahesabiwa kwa gemu. Jana akapoteza seti ya kwanza kwa tabu, ya pili akamchapa mwenzie 6-1, ya tatu akawa anaongoza 4-1 na amebakiza pointi moja tu iwe 5-1. Moja. Akapiga sevu, yani ule mpira wa kuanzisha, ikakosea, akapiga ya pili nayo ikakosea, pointi ikaenda kwa mwenzie. Kuanzia hapo mikono ikawa kama sio yake, mipira inaenda nje, inagonga neti, Graf akachukua gemu tano mfululizo na mechi ikaisha 6-4.

Sasa kwenye kupokea zawadi, aliyekuwa anatoa ni mama wa ukoo wa kifalme, Duchess wa Kent, Katharine. Jana alijikaza akafika mbele yake. Yule mama akamwambia maneno machache tu ya kumtia moyo, kwamba anaamini ipo siku atashinda, na Jana mwenyewe alikuja kusimulia kwamba hapo ndipo alipoachia, machozi yakatoka akaanguka begani kwake. Na yule mama akamshika, akampokea na jasho lake, na mnajua watu wa kifalme wana taratibu zao, hawakumbatiwi hovyo hadharani, ila yeye hakurudi nyuma wala hakugeuka kutafuta walinzi. Alimwacha alie mpaka amalize.

Hapo ndipo Warumi 12:15 ikaniingia, "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao." Nimeusikia huo mstari tangu sunday school na nimeufundisha kwa wamama, lakini kuutenda ni kitu kingine, na nitawaambia kwa nini nasema hivo.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, nilishuka Kibirizi, kule ufukweni mwa ziwa wanakoanika dagaa, kununua dagaa. Kuna dada nafahamiana naye pale, tunasali wote, alikuwa amenunua dagaa wengi kwa hela ya kukopa kwenye kikundi, kaanika mchangani asubuhi jua kali kabisa, mara upepo ukageuka ziwani mvua ikashuka bila hata kunguruma. Mnaojua dagaa mnaelewa, wakilowa wakiwa nusu wamekauka ndo basi tena, wanaanza kunuka, rangi inabadilika, yule wa shilingi anakuwa chakula cha kuku. Alikusanya alichoweza na turubai, kilichobaki kikachanganyika na mchanga na maji. Akakaa chini katikati ya dagaa zake akaanza kulia.

Mimi nikamfata. Nikamwambia dada, shukuru Mungu una uhai. Nikamwambia ungeangalia mawingu ya upande wa Kongo mapema, wenzio walianua. Nikamwambia Mungu anafunga mlango huu anafungua ule, na ushuhuda wangu wa mwaka ule biashara yangu ilipokwama nikampa wote mwanzo mpaka mwisho nikiwa nimesimama na mwavuli. Kila nilichosema kilikuwa kweli wapendwa, hakuna hata kimoja cha uongo, ila yule dada aliacha kulia akawa ananiitikia tu "amina, amina" huku anaangalia chini. Nikaondoka nikijua nimehudumu.

Nilipogeuka nyuma nikaona bibi mmoja muuza migebuka, mtu mzima sana, sijui hata anasali wapi, amekuja kakaa pembeni yake palepale kwenye mchanga uliolowa na kitenge chake, hasemi kitu, anaokota dagaa mmoja mmoja anapangusa anaweka kwenye beseni. Yule dada akaanza kulia upya. Safari hii kwa sauti.

Ukisoma Ayubu 2, wale marafiki watatu tunaowasema kila siku, walianza vizuri kuliko mimi. Walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kumwambia neno kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa. Walipofungua midomo ndo waliharibu, na mpaka Mungu mwenyewe akawakasirikia. Mi pale Kibirizi sikumaliza hata dakika saba.

Nirudi kwa Jana. Wengi wakimsimulia wanakimbilia mwaka 1998, na ni kweli ni furaha, mwaka 1997 alirudi fainali akafungwa na Martina Hingis aliyekuwa na miaka 16, halafu 1998 akamfunga Nathalie Tauziat wa Ufaransa, akiwa na miaka 29, na aliyemkabidhi ile sahani ya ushindi ni Duchess yuleyule. Nimeangalia nimelia. Lakini sitaki tuiwahi hiyo 1998, maana katikati hapo kuna 1995 kwenye mashindano ya Ufaransa, anaongoza 5-0 seti ya mwisho dhidi ya Chanda Rubin, akawa na nafasi tisa za kumaliza mechi akapoteza 8-6, na siku hiyo hakukuwa na bega la mtu maarufu. Tena naamini hata asingeshinda kabisa, lile bega la 1993 lisingekuwa limepotea bure. Tunawafariji watu kama tunawakopesha, tukitegemea ushuhuda urudi. Wengine hawatashinda. Wengine dagaa wataloa na mwaka unaofuata pia.

Jana alistaafu 1999. Mwaka 2014 binti mmoja wa Brno hukohuko, Barbora Krejčíková, miaka 18, katoka kwenye mashindano ya vijana hajui aendelee na tenisi au arudi shule, akaenda kugonga mlango wa Jana na barua mkononi. Jana akamfungulia, akawa kocha wake. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2017, Jana akafariki kwa kansa, ana miaka 49. Yule binti akashinda mashindano ya Ufaransa 2021, na 2024 akashinda Wimbledon yenyewe, akaonyeshwa ubao wenye majina ya washindi, jina lake lipo pale na la Jana lipo pale, akashindwa kujizuia akalia.

Paulo anasema kwenye 2 Wakorintho 1:4 kwamba Mungu anatufariji ili na sisi tuwafariji wengine kwa faraja ileile tuliyopewa. Ileile. Mtu aliyewahi kulia mbele ya watu akapokelewa, akigongewa mlango anajua aliyesimama nje anahitaji nini.

Yule dada bado anaanika Kibirizi, na mi sijawahi kumwomba msamaha, nikikutana naye kanisani tunasalimiana vizuri tu na anaitikia amina kama siku ile. Jumamosi asubuhi nashuka, nabeba unga na sukari kidogo. Mniombee wapendwa, nikifika nikae kwanza.