Kusoma majina ya Wairokwoi kwenye ramani

Mtu wa Lindi hahitaji somo refu kuelewa jinsi jina la watu linavyoweza kuwatoroka wenyewe. Wamachinga ni kabila la huku kwetu, na Mchinga ipo palepale kaskazini ya Lindi mjini. Lakini ukitamka "mmachinga" ukiwa Mwanza au Mbeya, anayekuja akilini ni kijana yeyote aliyepanga viatu kando ya barabara, awe Msukuma au Mnyakyusa. Pale Ilala, Dar es Salaam, kuna jengo zima linaitwa Machinga Complex. Atakayezaliwa miaka 300 ijayo, akilikuta jina hilo kwenye ramani kuukuu na kuandika kwamba Ilala ilikuwa nchi ya Wamachinga, atakuwa amekosea vilevile wanavyokosea wengi leo wanapokutana na neno Iroquois kwenye ramani ya Marekani.

Tuanze na wenyewe. Wairokwoi si kabila moja, ni muungano wa mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Ukitoka mashariki kwenda magharibi katika nchi ambayo leo ni jimbo la New York, unakutana na Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca. Mnamo 1722 hivi wakaongezeka Watuscarora, waliokimbia kaskazini baada ya vita ya 1711 hadi 1713 huko North Carolina. Ndiyo maana vitabu vingine vinasema Mataifa Matano na vingine Sita. Vyote ni sahihi, angalia tu vinazungumzia mwaka gani.

Wao hujiita Haudenosaunee, watu wa nyumba ndefu. Nyumba hiyo ilijengwa kwa fito na miti iliyopindwa juu, ikaezekwa kwa magome ya mti wa elm, ambayo hubanduliwa utomvu unapopanda, kwa sababu msimu huo ukipita gome hushikamana na mti na kupasuka vipande. Upana ulikuwa kama mita 6, urefu ukaenda mita 20, 40, hata zaidi. Katikati palikuwa na mstari wa majiko, na kila jiko lilitumiwa na familia mbili, moja kila upande wa ujia. Ukoo ukiongezeka, nyumba inarefushwa mwishoni. Wakaichukulia nchi yao yote kuwa nyumba ya namna hiyo: Mohawk walinda mlango wa mashariki, Seneca mlango wa magharibi, na Onondaga katikati wanatunza moto.

Jina la Iroquois lilianza kuandikwa na Wafaransa mwanzoni mwa miaka ya 1600. Maelezo yanayotajwa zaidi ni mawili, na wataalamu bado wanabishana. Moja linasema lilitoka kwa maadui zao wa jamii ya Algonkini na lina maana ya nyoka. Lingine linasema lilitoka katika lugha ya biashara ya wavuvi wa Kibaski na lina maana ya watu wauaji. Maelezo yote mawili ni tusi. Hata "Mohawk" ni jina walilopewa na majirani wa mashariki, lenye maana ya wala watu. Wao hujiita Kanien'kehá:ka, watu wa mahali pa jiwe gumegume. Kwetu Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma waliitwa Wamawia, watu wakali, na hawakulipenda jina hilo hata kidogo. Mwaka 2022 timu ya taifa ya Wairokwoi ya lakrosi, mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo yenye wavu, iliachana na jina la Iroquois ikajiita Haudenosaunee. Kama unaandika leo, tumia jina hilo kwanza, kisha taja Iroquois ili msomaji asipotee.

Lakini matusi hayakwenda upande mmoja. Milima ya Adirondack, kaskazini ya New York, imepata jina kutoka neno la Kimohawk lenye maana ya wala miti, dhihaka kwa majirani wa Kialgonkini, kwamba njaa ya kipupwe ikiwabana hutafuna magome. Ndani ya milima hiyohiyo kuna kilele chenye urefu wa mita 1,475 kiitwacho Iroquois Peak. Milima inabeba tusi la Wamohawk, kilele chake kinabeba tusi walilotukanwa Wamohawk.

Sasa yapo maeneo yenye jina lenyewe la Iroquois, na hapa ndipo pa kuwa makini. Point Iroquois ni rasi katika jimbo la Michigan, kwenye Ziwa Superior, mamia ya kilomita magharibi ya nchi yao. Mwaka 1662 kikosi cha Wairokwoi kilipiga kambi hapo na Waojibwe, watu wa huko, wakakishambulia na kukimaliza. Jina la Kiojibwe la mahali hapo linataja mifupa ya Wairokwoi. Kwa hiyo jina hilo halisemi "hapa waliishi", linasema "hapa walikufa".

Illinois nako kuna mto Iroquois, na wilaya ya Iroquois iliyoundwa 1833. Vikosi vya Wairokwoi vilifika hadi nchi ya Waillinois mwaka 1680, wakati wa vita vya kugombea biashara ya ngozi za biva, mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia Ulaya. Walikuja, wakapiga, wakarudi kwao. Mto ukabaki na jina la wavamizi. Vivyo hivyo mto Richelieu wa Quebec uliitwa na Wafaransa mto wa Wairokwoi, kwa sababu ndiyo njia waliyotokea. Samuel de Champlain aliupanda mto huo mwaka 1609 pamoja na washirika wake wa Kialgonkini na Wahuroni, akawapiga risasi viongozi wa Mohawk kwenye ziwa ambalo leo lina jina lake yeye.

Mji mdogo wa Iroquois, Ontario, una habari nyingine. Uko kando ya mto St. Lawrence, lakini si pale ulipokuwa. Miaka ya 1950 njia ya meli kubwa na bwawa la umeme vilipojengwa, mji ulihamishiwa nyuma, na tarehe 1 Julai 1958 maji yakaachiwa kufunika ukingo wa zamani. Ukitumia ramani ya 1940 kuutafuta hutaukuta. Halafu kuna majina ya mtindo tu: Iroquois Theatre ya Chicago, ukumbi ulioungua tarehe 30 Desemba 1903 na kuua watu zaidi ya 600, haukuwa na uhusiano wowote na watu hao. Ni kama Machinga Complex bila hata mtu mmoja wa kabila la Wamachinga. Kiduku cha nywele nacho ni hivyo hivyo: Wamarekani hukiita Mohawk, Wafaransa na Wajerumani hukiita kwa jina la Wairokwoi.

Ukitaka kuwakuta Haudenosaunee na ndugu zao wa lugha, tafuta majina yasiyowataja. Canada ni neno "kanata", kijiji, ambalo Jacques Cartier alilisikia mwaka 1535 kwa watu wa mto St. Lawrence waliosema lugha ya jamii hiyo. Ohio ni Kiseneca, mto mzuri. Ontario inatokana na neno la ziwa katika lugha za jamii hiyo. Canajoharie ni chungu kinachojiosha, kwa ajili ya shimo la mviringo ambalo maji ya kijito yamelichimba kwenye mwamba.

Ninalolipenda kuliko yote ni Schenectady. Kwa Kimohawk maana yake ni ng'ambo ya misonobari. Kati ya bonde la Mohawk na mto Hudson kuna uwanda wa mchanga wenye misonobari. Wamohawk wakiwa kwao magharibi walitumia neno hilo kwa mahali palipo mashariki ya misonobari, ambapo leo ni Albany. Waholanzi walipoanzisha mji mwingine mwaka 1661 upande wa magharibi, jina likahamia kwao, na kwa mtu aliyesimama Albany likabaki na maana sahihi. Watu wa Mtwara mjini wanajua jambo hili bila kufundishwa: ukisimama feri, ng'ambo ni Msangamkuu, ukishavuka, ng'ambo ni Mtwara. Neno halikosei, aliyesimama ndiye amehama.

Toronto nayo ilisafiri. Kwa Kimohawk ni mahali miti inaposimama majini, na miti yenyewe ni nguzo za uzio wa kuvulia samaki, kama nyuzio zetu za pwani, zilizochomekwa kwenye mlango mwembamba wa Ziwa Simcoe. Nyingine zimekuwepo kwa zaidi ya miaka 4,000. Mlango huo uko zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya jiji. Jina lilishuka na njia ya wafanyabiashara waliobeba mitumbwi mabegani, likafika ufukwe wa Ziwa Ontario, likatua kwenye ngome ya Wafaransa. Waingereza wakauita mji wao York mwaka 1793, kisha mwaka 1834 wakarudisha Toronto. Anayetafuta miti majini pale mjini hataiona.

Kwa hiyo ukikutana na jina, uliza kwanza ni la lugha gani. Pili, aliyelisema alisimama wapi. Tatu, je, limehama? Nne, lilitolewa mwaka gani. Likiwa la karne ya 19 au baadaye na liko mbali na New York, yaelekea ni kumbukumbu ya vita au mapambo. Makosa yanayorudiwa sana ni kuchanganya lugha na muungano. Wahuroni, ambao hujiita Wendat, walisema lugha ya jamii ya Kiirokwoi, kama Wacherokee, lakini hawakuwa ndani ya muungano. Wahuroni ndio waliovunjwa na Wairokwoi mwaka 1649. Kosa lingine ni Hiawatha. Katika historia ya Haudenosaunee, Hiawatha ni mshirika wa Mleta Amani katika kuunganisha mataifa. Mshairi Longfellow alilichukua jina lake mwaka 1855 akalivika visa vya Waojibwe, na ndipo majina mengi ya Hiawatha huko Minnesota yalipotokea.

Kuhusu utawala, sisi wa kusini tuna faida ya kuuelewa upesi. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua huhesabu ukoo kwa mama, na mjomba ana neno. Haudenosaunee nao mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baraza Kuu lina viti 50: Onondaga 14, Cayuga 10, Mohawk 9, Oneida 9, Seneca 8. Hesabu hizo hazileti ubabe, kwa kuwa hawapigi kura, wanatafuta kauli moja. Shauri huanza kwa Mohawk na Seneca, huvushwa upande wa pili wa moto kwa Oneida na Cayuga, kisha hurudi kwa Onondaga kuthibitishwa. Anayemchagua mshika kiti ni mama mkuu wa ukoo, na akipotoka huonywa mara tatu, kisha huvuliwa pembe za kulungu, alama ya cheo. Anayerithi kiti hurithi na jina, kama jina la Mataka kwa Wayao lilivyobebwa na kila aliyekalia nafasi hiyo. Ndiyo maana Tadodaho, jina la mshika kiti mkuu wa Onondaga, unayemsoma katika habari za kale na Tadodaho wa leo ni watu tofauti wenye kiti kimoja.

Majina ya Kiirokwoi yamebaki New York, lakini wenyewe wengi waliondolewa. Katika vita ya uhuru wa Marekani muungano uligawanyika: Oneida na Tuscarora wengi wakawa na Wamarekani, waliobaki wengi wakawa na Waingereza. Mwaka 1779 George Washington alimtuma jenerali John Sullivan kuchoma nchi yao. Vijiji takriban 40 viliteketezwa pamoja na mashamba na ghala za mahindi. Mashamba hayo yalikuwa ya matuta yaliyoachana kama mita moja: mbegu chache za mahindi kila tuta, maharage wiki mbili tatu baadaye mahindi yakifika urefu wa kiganja, maboga katikati kufunika ardhi. Maharage yakipandwa siku moja na mahindi huyazidi mbio na kuyaangusha. Mkulima wa Nachingwea anayechanganya mahindi na mbaazi hana tatizo hilo, kwa kuwa mbaazi hujisimamia. Kipupwe kilichofuata, maelfu walikaa na njaa kando ya ngome ya Niagara. Wazee wa Wamwera walioisikia habari ya Maji Maji, jinsi Wajerumani walivyochoma chakula ili njaa imalize kazi, wangeielewa vita hii bila mkalimani. Kwa Haudenosaunee Washington anaitwa Mharibu Miji, na jina hilo humwendea kila rais wa Marekani anayefuata.

Tarehe 25 Oktoba 1784 Waingereza waliwapa waliokimbilia Kanada maili 6 kila upande wa Grand River. Leo imebaki takriban sehemu moja ya ishirini. Waliobaki New York walitia saini mkataba wa Canandaigua tarehe 11 Novemba 1794, unaoitaka Marekani itoe kila mwaka vitu vya thamani ya dola 4,500. Sehemu yake ni kitambaa cha pamba, jamaa ya merikani iliyokuwa ikishushwa Lindi na Mikindani enzi za majahazi, na kitambaa hicho kinatolewa mpaka leo.

Kwa walimu watakaoyatamka haya darasani: Haudenosaunee husomwa karibu na "Hodinoshoni". Wamarekani husema "Irokwoi", Wafaransa "Irokwa". Seneca huyu hahusiani na mwanafalsafa wa Roma, ingawa kando ya ziwa lenye jina hilo kuna miji ya Romulus na Ovid, majina ya Roma ya kale.