Sikukuu hapa Pirates si mchezo

Yaani watu huona tumekaa pale juu na filimbi wakadhani twalipwa kuota jua. Mimi ndo meneja wa hawa vijana laifugadi, yaani waokoaji wa majini, wa hapa bichi ya Pirates, Mombasa, na kazi yangu sikukuu wala si kuogelea, ni kuangalia wao wanaangalia wapi, simu zote nishachukua asubuhi, na kila nusu saa nawabadilisha maana macho yakichoka mtu anatazama maji haoni kitu. Sekunde 10 uwe umepitisha macho eneo lako lote, 20 uwe umemfikia mwenye shida. Na jamani anayezama hapigi kelele kama kwenye filamu, anakuwa kimya tu, mdomo unaingia na kutoka majini. Kinachoniumiza kichwa zaidi ni haya matyubu ya kuelea ya kukodisha, hasa bamvua, yale maji makubwa, ikianza kupwa, mtoto amekaa zake kwa tyubu anacheka huku anavutwa mbali, babake yuko mchangani na viazi karai. Jana tumerudisha kadhaa hivyo hivyo, mama mmoja akanigombeza eti tumemharibia mtoto raha. Nikamwambia samahani mama, ila tyubu yabaki kwangu mpaka mwende nyumbani.