Volti tano zilizokuwa zikipotea Lugoba

Kiangazi cha mwaka 2017 niliitwa kwenye machimbo ya kokoto Lugoba, barabara ya Chalinze kwenda Segera. Kijiko cha minyororo cha tani 20 kilikuwa kimelala siku ya tano. Asubuhi kinawaka vizuri, kinapakia malori mawili matatu, halafu taa nyekundu ya oili inatokea, king'ora kinalia na injini inaishiwa nguvu. Ukizima na kuwasha tena, kinafanya kazi kama hakijawahi kuugua.

Fundi aliyenitangulia alishabadilisha sensa ya presha ya oili mara mbili. Msimamizi naye alikuwa anaulizia bei ya beringi za krenki, kwa sababu kwenye skrini aliona maneno "presha ya oili" akaamini injini imekufa.

Nilichomeka skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya injini, nikakuta kodi tatu za hitilafu: SPN 100 FMI 4, SPN 102 FMI 4 na SPN 620 FMI 4. Namba ya SPN inataja sakiti, FMI inataja jinsi ilivyoharibika. 100 ni presha ya oili, 102 ni presha ya hewa inayotoka kwenye tabo kuingia injini, 620 ni umeme wa volti 5 ambao kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inazipelekea sensa. FMI 4 maana yake volteji iko chini kuliko kawaida. Haisemi lolote kuhusu oili. Oili ingekuwa imeshuka kweli, ningetarajia FMI 1. Na zote tatu zilikuwa zimejirekodi mara 14, saa ileile ya mashine. Sensa mbili haziwezi kukubaliana kufa pamoja mara 14. Zilikuwa zinakosa chakula kimoja.

Hata hivyo nilipima oili kwanza, kwa sababu ukikosea hapo injini haikusamehi. Nilifungua sensa, nikafunga geji ya mkono kwenye tundu lake, injini ikapashwa mpaka ikashika joto la kazi. Slo, injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa, ilisoma bar 2.5, resi ya juu bar 4.5. Msimamizi nikamwonyesha geji, suala la beringi likaishia hapo.

Sensa ile ina pini tatu: volti 5, mrejesho (waya unaorudisha umeme kwenye kontroli boksi), na waya wa ishara unaosoma kati ya volti 0.5 na 4.5 kufuatana na presha. Nilichomoa soketi, swichi ikiwa oni, nikaweka mita kati ya volti 5 na mrejesho: 5.02. Safi kabisa. Nadhani hapa ndipo mwenzangu alipopotelea: alipima mashine ikiwa imetulia, akakuta umeme upo, akailaumu sensa.

Nikarudisha soketi, nikapitisha pini nyembamba nyuma yake bila kutoboa waya (waya uliotobolewa huingiza maji, na baada ya miezi michache shaba inageuka kijani ndani kwa ndani), nikavuta nyaya za mita mpaka ndani ya kebini. Opereta akachimba. Dakika ya ishirini hivi, ndoo ikiwa imeng'ang'ania jiwe, mita ikaporomoka kutoka 5 hadi 0.3, na taa ikawaka papo hapo. Kontroli boksi ikikosa habari ya oili na ya hewa hupunguza mafuta ili kuilinda injini, ndiyo maana nguvu zinakwisha. Fyuzi haikatiki, kwa sababu volti 5 hizo zina kinga yake humohumo ndani ya kontroli boksi.

"Usizime, mzee," nikamwambia opereta. Hali ikiwa bado mbaya, nilizichomoa sensa zote zinazotumia laini ile, moja baada ya nyingine, nikiangalia mita. Kama sensa moja ina shoti ndani, ukiichomoa volti zinarudi. Hazikurudi. Basi shoti iko kwenye hanesi yenyewe, yaani fungu la nyaya linalounganisha sensa na kontroli boksi.

Tukazima, tukasubiri dakika chache, tukakata swichi kuu ya betri, tukachomoa soketi ya kontroli boksi. Mita nikaiweka kwenye omu, kipimo cha ukinzani, waya mmoja kwenye laini ya volti 5, mwingine kwenye bloku ya injini. Hapo ilipaswa kuonyesha kwamba hakuna mgusano, na ndivyo ilivyoonyesha, maana shoti ilikuwa imeshajiachia. Nikamwambia kijana aliyekuwa ananisaidia achukue mpini wa nyundo, asukume hanesi taratibu kuanzia mbele kuja nyuma. Alipofika juu ya stata, mita ilianguka hadi omu 2.

Stata ilikuwa imebadilishwa miezi ya nyuma, na klempu yenye mpira inayoshikilia hanesi pale haikurudishwa. Hanesi ikabaki imelalia ncha ya breketi. Injini imekaa juu ya mpira. Ikibebeshwa mzigo inajipinda kidogo, na kila ikijipinda breketi inasugua. Palipochubuka hapakuzidi kichwa cha sisimizi, shaba inang'aa.

Marekebisho yalichukua muda mfupi kuliko kutafuta. Waya wa volti 5 tuliukata na kuuunga kwa kiungo cha kubana chenye gamba la gundi linalosinyaa kwa moto. Waya wa jirani ulianza kuchubuka, nao tukauunga, lakini sentimita nne mbali na kiungo cha kwanza ili viungo visisuguane. Juu yake bomba jipya la plastiki, klempu mbili zenye mpira, na ulegevu kidogo ili injini ikijipinda isivute waya. Tepu ya umeme peke yake pale kwenye joto na oili isingefika mwezi. Mashine ikachimba mchana kutwa, mita ikabaki 5.0.

Zile sensa mbili zilizotolewa nilizikuta kwenye kopo la boliti. Usiku nilizipa volti 5 za chaja ya simu, moja baada ya nyingine, nikapima waya wa ishara bila presha yoyote: 0.50 na 0.51. Zote nzima. Moja niliifunga mwaka uliofuata kwenye kijiko kingine cha aina ileile.