Kijijini vituo vipo, ushahidi ndio shida

Watu wakisikia kwamba nacheza Pokémon GO huku milimani, ile gemu ya simu ya kutembea ukikamata viumbe na kuzungusha vituo vilivyo kwenye ramani, swali huwa lile lile: unazungusha nini, migomba? Nawaelewa. Fungua gemu ukiwa Posta, Dar es Salaam, uone vituo vinavyogombania nafasi kwenye kioo. Kisha ifungue ukiwa kitongoji chochote huku juu ya Soni. Utajiona umesimama peke yako kwenye uwanda wa kijani, barabara moja ya kijivu inapita, na hakuna kingine.

Mimi ni afisa ugani wilayani Lushoto. Wakulima wananiita Bibi Shamba, ingawa wengi wao wana watoto wakubwa kunishinda. Kazi yangu ni pikipiki, maharage, viazi, kabichi na vikao visivyoanza kwa wakati. Gemu nililizoea nikiwa chuo cha kilimo cha SUA, Morogoro, ambako ukitoka bwenini kwenda darasani unarudi begi limejaa mipira ya kukamatia. Nilipohamia huku, mipira iliisha mara moja. Kwa asiyecheza: mipira unapewa bure ukizungusha kituo, na pasipo kituo unainunua kwa hela. Hela yangu ya bando tayari ina maelezo marefu nyumbani, siwezi kuongeza ya mipira.

Nikaanza kujiuliza vituo hivi huwa vinatoka wapi. Kampuni ya Niantic, iliyoiunda gemu hii, ilianza na gemu nyingine, Ingress, mwaka 2012, na wachezaji wake walituma picha za sanamu, makanisa, michoro ya ukutani na vibao vya historia vya mitaani kwao. Pokémon GO ilipotoka Julai 2016 ikarithi hazina ile. Palipokuwa na watu wa Ingress pakajaa. Kwingine kote pakabaki kijani kitupu. Tangu 2019 kuna Wayfarer, ambako mchezaji aliyefika kiwango kinachotakiwa anapendekeza mahali, na wachezaji wenzake waliofaulu mtihani mdogo wanapitia na kupiga kura. Mengine siku hizi huamuliwa na mashine kabla binadamu hajayaona.

Masharti si magumu kuyaelewa. Mahali pawe pa kuvutia kutembelea, au pa kufanyia mazoezi, au pa watu kukutana; moja linatosha. Kiwe kitu cha kudumu, kinachoonekana, na mtu aweze kukifikia kwa miguu bila kuhatarisha maisha. Kisiwe kwenye makazi ya mtu, kisiwe shule ya msingi wala sekondari, wala kisizuie kazi ya zimamoto au gari la wagonjwa. Nilipoyasoma mara ya kwanza nikacheka: kijiji chetu kinapita bila kupingwa! Kwetu watu wanakutana kuliko mji wowote.

Sasa njoo Usambara utafute ardhi tambarare. Ukiiona, ujue shule ya msingi ilifika kabla yako. Uwanja ambao timu ya kijiji inacheza Jumamosi, ambao wanasiasa wanahutubia, ambao hata harusi zinafanyikia, mara nyingi ni uwanja wa shule. Mpitiaji anaona mapaa ya madarasa pembeni, anakataa, na kwa kanuni yuko sahihi. Sina ugomvi naye, ingawa kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya sehemu ambazo shule ina uzio na geti, na kijiji kina bustani yake kwingine. Huku uzio wa shule ni michongoma miwili na mbuzi.

Uwanja uliokubaliwa uko bondeni, karibu na mto, mali ya kijiji. Magoli yake ni nguzo za mkaratusi. Mwenzangu mmoja wa Tanga alinionya kwamba nitaulizwa kama magoli ya miti ni kitu cha kudumu. Swali zuri. Nguzo zinaoza, zinabadilishwa, mara nyingine zinaibwa zikawa kuni. Lakini uwanja wenyewe uko pale tangu wachezaji wa sasa hawajazaliwa, na kwenye picha ya setilaiti ni doa la kahawia lenye umbo la mstatili, katikati ya mboga. Nikaandika hivyo hivyo. Picha nikapiga saa nane mchana hakuna mtu, kwa sababu sura za watu hazitakiwi, wala namba za pikipiki, wala kidole changu pembeni.

Nyumba za ibada ndizo hazina ubishi mwingi, na huku hatujapungukiwa: kila kitongoji kina msikiti, na Walutheri wako milimani hapa tangu misheni ya Mlalo ya 1891. Tatizo ni kwamba majengo mengi hayana kibao. Anayeswali pale anapajua, anayesali pale anapajua, kibao cha nini? Mpitiaji aliye mbali haoni msikiti, anaona nyumba ya bati yenye mlango wa kijani. Na ombi la msikiti halianzii kwenye simu, linaanzia kwa wazee. Nilimkuta mzee mmoja wa kamati amekaa barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bibi Shamba. Leo hukuja kwa maharage?"

"Leo nimekuja kwa msikiti. Naomba ruhusa niupige picha kwa nje."

"Picha inakwenda wapi?"

Nikamweleza: iko gemu ya kwenye simu, watu hutembea kutafuta mahali, msikiti utaonekana kwenye ramani. Akanyamaza kidogo.

"Wakishauona, watakuja kupima ardhi?"

"Hapana, mzee. Mtu atasimama nje kidogo, ataangalia simu, ataondoka."

"Hao mbona tunao tayari."

Akaniruhusu, akasema nisubiri kwanza watu watoke kwenye swala ya alasiri. Ombi la kwanza lilirudi limekataliwa, maelezo yakiwa kwamba jengo halitambuliki. Baadaye kamati ikamleta fundi rangi kutoka Soni aandike jina la msikiti juu ya mlango, kwa sababu ya wageni wa maulidi, si kwa sababu yangu. Nikapiga picha tena. Safari hii likapita.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yenyewe ilivyo. Kijijini kuna mahali pa kutosha. Kinachopungua ni kitu cha kumwonyesha mtu asiyefika. Mjini mpitiaji anafungua picha za barabarani na kukiona kitu kwa macho yake. Sokwe wa Gombe walipata picha zao za Street View, yaani hizo picha za barabarani za Google, mwaka 2014. Barabara ya kwetu ya vumbi bado inasubiri foleni. Zamani ungeweza kupiga mwenyewe picha ya duara kwa programu ya Street View ukaipandisha, lakini programu hiyo ilifungwa 2023. Na setilaiti nayo, Usambara hii yenye mawingu! Kitongoji kizima unakuta kimefunikwa na pamba nyeupe, au picha ni ya zamani, jengo lako halijajengwa.

Kwa hiyo nguvu zote naziweka kwenye picha ya pili, ile ya mazingira. Wengi wanaipiga kama adhabu, wanarudi hatua mbili nyuma na kubofya. Mimi napanda mlima. Natafuta sehemu ambayo msikiti na kona ya barabara vinaonekana pamoja, au kanisa na paa la zahanati, kitu chochote kikubwa ambacho mpitiaji anaweza kukilinganisha na setilaiti. Kisha naandika: kona hii ndiyo ile inayoonekana kusini mwa alama, paa jekundu ni zahanati, mto uko kulia. Asubuhi siendi, ukungu haujaondoka; saa kumi alasiri mwanga ni mzuri. Jina na maelezo ya kituo naandika Kiswahili, kama kibao kinavyosema, ila ule ufafanuzi wa wapitiaji naandika Kiingereza, maana anayepiga kura anaweza kuwa nchi nyingine kabisa.

Ukitaka mifano ya kuchekesha, iko. Maporomoko ya Soni yako kando ya barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, kila mgeni anasimama kuyapiga picha, na kwa kanuni hayafai kwa sababu ni kitu cha asili. Kibao cha maporomoko kinafaa. Irente ni hivyo hivyo: ule ukingo unaotazama Mazinde na nyika ya chini haukubaliki, bali kibao cha mahali pa kutazamia kinakubalika. Mungu aliyeumba maporomoko hapati kituo, fundi seremala anapata. Mkuyu ambao mikutano ya kitongoji imefanyikia miaka yote nao haufai, labda mtu agongomee bango, na mimi sitaki kuwa huyo mtu.

Mawe ya Mwenge bado yananitesa. Mwenge wa Uhuru unakimbizwa tangu miaka ya 1960, na kila unakopita unaacha jiwe la msingi lenye jina la kiongozi na tarehe. Ni historia ya kijiji iliyochongwa kabisa. Lakini angalia mawe hayo yamebandikwa wapi: darasa, bweni, nyumba ya mwalimu. Yote ni shule, yote nje. Nililobaki nalo liko kwenye tangi la maji, na wapitiaji wakaona tangi, hawakuona jiwe. Nitalirudisha nikiwa na picha ya karibu zaidi.

Jambo moja la kiufundi, kwa sababu kijijini ni la maana kuliko mjini. Gemu inaigawa dunia katika seli ziitwazo S2. Kwenye seli ya daraja la 17, ambayo upande wake ni kama mita 70, Pokémon GO huonyesha kitu kimoja tu. Usijichoshe basi kuombea kanisa, mnara wa kengele na ukumbi wa kwaya vilivyobanana. Vikikubaliwa vyote, utaona kimoja. Lakini kuna seli kubwa zaidi, daraja la 14, yenye upande wa zaidi kidogo ya nusu kilomita, na humo vikifika viwili, kimoja kinageuka jimu, yaani mahali pa wachezaji kupambana. Mjini hakuna anayehesabu. Huku tulihesabu. Uwanja wa bondeni na msikiti vilikuwa ndani ya seli hiyo moja, na siku cha pili kilipoingia kwenye gemu, uwanja ukawa jimu. Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne na anayecheza kwa simu yangu kuliko mimi, alipiga kelele jirani wakadhani kuna nyoka. Sasa kuna mtu anayetuondoa jimuni kila siku ya gulio. Jina lake silijui, namshuku konda wa basi la asubuhi.

Kuna vitu siombei hata kama vinaweza kupita. Misitu ya mizimu ya koo, ambayo wazee hawataki mtu aingie ovyo, naiacha. Makaburi huku yako nyumbani kwa watu, hayo kanuni imeshayakataa na mimi ningeyakataa pia. Chemchemi ambako akina mama wanachota maji na kuoga nazo naziacha. Sitaki kumleta kijana mwenye simu mkononi asimame pale. Kituo unaweza kukizungusha ukiwa umbali wa mita 80, na hiyo inasaidia, mtu hana haja ya kuingia ndani ya ua wa kanisa. Lakini watu wakishajua mahali, watafika.

Zamu yangu ya kupitia maombi ya wengine ni usiku, bando la usiku likiwa na nafuu. Napitia kwa sababu ukipiga kura zinazoafikiana na za wengine unapata nafasi ya kuharakisha ombi lako, na bila hivyo ombi la huku linakaa hadi unalisahau. Naomba kitu kimoja kwa wanaopitia pia. Ukikutana na nyumba ya bati, setilaiti ina wingu, na mwombaji ameandika aya ndefu kuhusu kona na zahanati, isome kabla ya kubofya kwamba mahali hapaonekani. Picha ya pili ameipandia mlima.

Ijumaa nashuka Mombo kuchukua mbegu. Reli ya kutoka Tanga ilifika pale 1905, na stesheni haina wingu, haina shule pembeni. Nitaangalia kama kuna mtu ameshaiombea. Kama hakuna, nina betri na nina kofia.