Kutoka Kongowea hadi Kongwa: safari ya kutafuta kibali cha mwekezaji

Nimeuza mafuta ya kula katika soko la Kongowea, Mombasa, karibu nusu ya umri wangu. Mengi ni ya mawese: yanashushwa bandari ya Kilindini yakiwa ghafi, yanasafishwa viwandani, kisha yanatufikia kwenye madumu. Ya alizeti nililetewa na madereva wa malori waliopitia Singida na Dodoma, Tanzania, na wateja waliyagombania hata kabla sijapanga bei. Kila nilipomuuliza dereva yametoka wapi hasa, jibu lilikuwa lile lile: Kibaigwa, Kongwa, Mpwapwa, huko katikati.

Basi mwezi wa nane 2025 nikafunga safari ya kwenda huko katikati, na nia ilikuwa kuhamia. Watoto wameshakua, duka lina wa kulisimamia, na mtaji niliouweka pembeni ulitosha kuanzia kazi ya kukamua alizeti. Nilichohitaji ni kibali cha ukaazi daraja A, kile ambacho Tanzania huwapa wageni wanaokuja kuwekeza au kujiajiri.

Ila kabla sijakata tiketi, Kongowea nzima ilikuwa ikizungumza jambo moja. Tarehe 28 Julai, aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania, Selemani Jafo, alitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Humo mna duka la rejareja, wakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, kuongoza watalii, udalali wa nyumba na viwanja. Mna pia mawili yaliyonigusa mimi moja kwa moja: kununua mazao shambani, na kumiliki viwanda vidogo. Anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania au kifungo, na kibali chake kinafutwa.

Wenzangu sokoni waliniambia nivunje safari. Walikumbusha Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inayotupa haki ya kwenda kuanzisha biashara katika nchi jirani. Naiamini itifaki hiyo, na naumia inapobanwa, upande wowote ule. Lakini nilipoirudia ile orodha ya vitu 15 niliwafikiria akina mama wenzangu wanaouza mafuta kwa kibaba pale Kongowea. Angekuja mgeni mwenye fedha za kununua soko zima, wangesimama wapi? Nikaona heri niende nikaulize penye wenyewe.

Basi liliondoka Mombasa alfajiri, na asubuhi tukawa Lunga Lunga, mpakani. Mpaka wa Horohoro una kituo cha pamoja, maafisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja, hivyo unatoka dirisha hili unaingia lile. Mkenya halipi viza. Afisa wa Uhamiaji alinitazama pasipoti, akaniuliza naenda kufanya nini, nikamjibu kweli kwamba naenda kutazama nafasi ya kuwekeza Dodoma. Akagonga muhuri.

"Dada, huu ni wa kutembea na kutazama tu," alisema. "Kazi usianze mpaka upate kibali. Karibu Tanzania."

Sikupata onyo zuri kuliko hilo safari nzima. Wapo watu, na nimewasikia, wanaoingia kwa muhuri wa matembezi, wakafungua biashara, wakidhani karatasi zitafuata. Karatasi ndizo zinazotangulia.

Tanga nililala kwa mke wa marehemu mjomba wangu. Asubuhi yake tulipita Muheza na machungwa yake, Segera, tukavuka daraja jipya la Wami, Chalinze, hadi Morogoro. Kutoka hapo nilibadili basi. Ukipita Dakawa, abiria wenye umri wa kutosha hunyamaza kidogo au hutaja jina la Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali katika barabara hiyo tarehe 12 Aprili 1984. Baada ya Dumila nchi inakauka. Milima inabaki nyuma, Gairo kuna ubaridi na upepo, kisha unashuka kwenye tambarare ya vichaka vikavu, mibuyu isiyo na jani hata moja, na ng'ombe wanaotimua vumbi. Mimi ni mtu wa pwani. Sikuwahi kuona ukame uliotulia namna ile, watu wakiendelea na shughuli zao kana kwamba ndivyo dunia ilivyo. Mvua yao ni msimu mmoja tu, na kwa mwaka mara nyingi haizidi milimita 600.

Dodoma yenyewe sitaieleza sana. Stendi kuu iko Nzuguni, karibu na viwanja vya Nanenane, nje kidogo ya mji. Uamuzi wa kuifanya makao makuu ni wa 1973, lakini Serikali ilihamia kwa kishindo baada ya 2016, na 2018 ikapewa hadhi ya jiji. Kwa mtu anayetafuta kibali faida yake ni kubwa: makao makuu ya Uhamiaji yapo hapa, wizara zipo Mtumba, mji wa Serikali, Kamishna wa Kazi yupo hapa hapa. Zamani mtu angeshinda Dar es Salaam akipanda na kushuka ngazi.

Nilikuwa na miadi na wakili, mama mmoja mpole ambaye hazungumzi haraka. Ofisini kwake nilikutana na kijana aliyekuwa ametapeliwa na kishoka, dalali wa vibali asiye na ofisi. Alilipa fedha nyingi kwa mtu aliyemuahidi kibali ndani ya wiki, akapewa karatasi yenye muhuri usiojulikana na ofisi yoyote. Yule kijana alikuwa anatetemeka. Mama wakili alimtengea kiti, akampa maji, akasema nami nisikilize, maana hata mimi yalinihusu. Kisha akatueleza mpangilio.

Kampuni inasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao. Ikishasajiliwa unakwenda TRA, mamlaka ya mapato, kupata namba ya mlipakodi, halafu leseni ya biashara. Baada ya hapo ndipo unaomba kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya ajira za wageni ya 2015, na kile kikitoka unaomba cha ukaazi Uhamiaji. Viwili hivyo si kitu kimoja, na watu wengi wanavichanganya. Utaambatanisha katiba ya kampuni, hati ya hisa, mkataba wa pango, taarifa ya benki. Kibali kwa kawaida ni cha miaka 2, kisha unahuisha, na ukihuisha wanatazama kama kweli ulifanya ulichosema.

"Sasa niambie, dada yangu," akaniuliza, "unataka kufanya nini hasa, na nani?"

Nikamweleza: mashine moja Kibaigwa, nami nizunguke vijijini kununua mbegu kwa wakulima wakati wa mavuno. Akatikisa kichwa taratibu. Mpango ule niliuchora mwaka uliopita, na sasa amri ya Julai ilikuwa imeufunga pande zote mbili. Kwa sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya 2003, kiwanda chenye watu chini ya 50 na mtaji usiozidi shilingi milioni 200 ni kidogo. Hicho waachiwe raia. Kununua shambani nako ni kwao. Nikitaka kuingia mwenyewe, niwe mkubwa. Na nikitaka cheti cha motisha za uwekezaji, Sheria ya Uwekezaji ya 2022 ilimtaka mgeni awe na mtaji wa dola 500,000 kwenda juu. Mimi sina hizo, na sioni aibu kusema sina.

Kulikuwa na njia nyingine. Kampuni ambayo raia wana hisa nyingi huhesabiwa ni ya ndani, na kiwango chake katika sheria hiyo kilikuwa dola 50,000. Hata ardhi inafuata mkondo huo huo: Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi mgeni kiwanja isipokuwa kwa uwekezaji uliopitia mamlaka ya uwekezaji, na kampuni ambayo wageni ndio wenye hisa nyingi nayo ni mgeni. Kwa hiyo swali la kibali likageuka kuwa swali la mtu. Nani ataniamini, nami nimwamini, kiasi cha kumwachia hisa nyingi katika kampuni yenye akiba yangu ya maisha?

Nikarudi Kibaigwa siku ya pili, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Kibaigwa ipo barabara kuu, wilaya ya Kongwa, na soko lake la nafaka linajulikana Afrika Mashariki yote. Malori ya namba za Kenya yalikuwa yamepanga foleni, nami nikahisi niko nyumbani. Dereva mmoja ninayemfahamu alinipeleka kwa mzee mwenye mashine za kukamua. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha mama mwenye nyumba akaniamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," akanifundisha nami niitikie. Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda kabla ya neno lolote la biashara.

Kisha akanipeleka mashineni. Mbegu zinamiminwa juu kwenye kipokeo, parafujo nene inazikandamiza ndani ya silinda, na mafuta yanachuruzika pembeni yakiwa meusi kidogo, ya moto, yenye harufu inayokaa kwenye nguo hadi kesho. Mbele yanatoka mashudu, vipande vyembamba kama magamba. Mzee aliokota kimoja akanipa.

"Kibane kwa vidole."

Nikabana. Vidole vikang'aa mafuta.

"Hayo ni mafuta yangu yanakwenda kwenye kuku wa watu," alisema. "Mashine imechoka, na mbegu nyingi wanazoleta ni za aina ya Record ya zamani, haina mafuta ya kutosha. Mwaka mzima nafanya kazi miezi michache, mbegu zikiisha nafunga."

Nimeuza mafuta miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kunionyesha kipimo hicho. Mtu anayekuonyesha udhaifu wa kazi yake siku ya kwanza, nami nikiwa mgeni mwenye fedha mkobani, huyo nilimsikiliza.

Jioni alinizungusha upande wa Kongwa. Kuna historia pale ambayo kila mwekezaji angepaswa kuisikia kabla hajajaza fomu. Mwaka 1947 Uingereza, iliyotoka vitani ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula, ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Kongwa ndipo ulipoanzia. Walilenga zaidi ya ekari milioni 3 katika maeneo matatu ya Tanganyika. Walileta matrekta, wengine hata vifaru vya vita vilivyobadilishwa vikawa vya kung'oa miti. Miti ikawashinda, vyuma vikavunjika, na udongo ule ukikauka unakuwa mgumu, karanga hazichimbuki. Mvua ikakosa. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekwisha, na hasara ilikuwa takriban pauni milioni 36.

Baba yake mzee alikuwa kibarua wa visiki. "Fedha walikuwa nazo," mzee aliniambia. "Ila hawakumuuliza mtu wa hapa mvua yetu inakuja vipi."

Nilisimama nikitazama ile nchi kavu. Nao walikuja kutafuta mafuta ya kula, kama mimi, kwa fedha nisizoweza kuzihesabu. Usiku ule nilimpigia simu mama wakili nikamwambia tuandike mkataba.

Majadiliano yalichukua muda na hayakuwa laini. Hisa nyingi ni za mzee na binti yake, ambaye amesoma mambo ya hesabu Chuo Kikuu cha Dodoma na ndiye aliyenibana kuliko baba yake. Mimi naleta mashine kubwa mpya, kichujio, na soko la Mombasa. Wao wanaleta eneo, na ununuzi wa mbegu uko mikononi mwao kabisa, kupitia sokoni na vyama vya ushirika vya wakulima. Nilichosimamia bila kulegea ni kipengele kimoja katika katiba ya kampuni: hakuna kuuza mashine wala kukopa benki bila saini za pande zote mbili. Mwenye hisa chache asiye na kipengele hicho amekaa pabaya. Binti naye alidai sehemu ya faida itumike kuwakopesha wakulima mbegu bora kabla ya msimu, nami nikakubali kwa moyo mmoja, maana mbegu nzuri zitanirudia mimi.

Nyumba nimepanga Kibaigwa. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi 6 mkononi, kisha akanipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti nitambulishwe, nikaandikwa kwenye daftari la wakazi kama mgeni. Kampuni imesajiliwa. Namba ya mlipakodi imetoka, ya leseni tunaisubiri, na ombi la kibali cha kazi litafuata hapo. Mpaka vibali vyote viwili, cha kazi na cha ukaazi, vitoke sigusi mashine; nakwenda na kurudi Mombasa kama mgeni wa matembezi, na binti wa mzee ananitumia bei za soko kila Jumatatu. Mkulima anapanda alizeti mvua zikishika, na mavuno ni kuanzia mwezi wa tano. Mashine mpya inapaswa iwe imefungwa kabla ya hapo.